Gari Halipigi Hodi

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikienda kwetu Majengo, Mombasa, kila usiku, huku nimelala chali kitandani Nairobi. Nafungua ramani kwenye simu, nachagua picha za barabarani, nabonyeza mshale. Napita msikiti, napita kinyozi aliyechora vichwa vitatu ukutani, napita duka la vitambaa lililofungwa zamani lakini kwenye picha bado liko wazi. Nafika kwenye mwarobaini, halafu kwenye mdomo wa kichochoro chetu. Hapo mshale unaisha. Gari la kamera halikuingia, na lisingeweza: kichochoro chetu watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Basi kila usiku nilisimama pale mdomoni, hatua arobaini kutoka mlango wa mama, nikaangalia kile kivuli, kisha nikazima simu nikalala. Nilijiona nimefika.

Najua siko peke yangu. Katika kikundi chetu cha vijana wa pwani tulio Nairobi, mchezo huu una jina: "kwenda nyumbani." Mtu husema, "Jana usiku nilikwenda nyumbani, nikaona wamepaka rangi ile nyumba ya kona." Tunacheka, tunatumiana picha, tunabishana kama yule aliyeegemea baiskeli ni fulani au ndugu yake. Mtu mzima anasema amekwenda nyumbani, na hakuna anayemuuliza kama kwao hawajambo.

Mimi nimeacha. Ninaandika haya kwa sababu nadhani tumekubali kitu kibaya bila kukifikiria, na tumekikubali kwa raha kwa kuwa kina sura ya mapenzi. Ugomvi wangu si na kampuni moja. Huduma za picha hizi ni zaidi ya moja na zitaongezeka. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya kupita kwa watu, kuwachukua, na kuondoka bila salamu. Na ni ugomvi na sisi tunaoiga tabia hiyo kila usiku kwa kidole gumba.

Nianze na meza.

Chini ya ule mwarobaini, kwenye picha, ameketi mwanamke nyuma ya meza. Uso wake umetiwa ukungu, kama sheria za huduma zinavyotaka. Lakini leso ni ya mama, kiti ni cha mama, na ule mkono ulioshika shavu ni wa mama. Mtaa mzima ungemtambua, ukungu au si ukungu. Uso hufichwa kwa ajili ya wageni, ambao hata hivyo wasingemjua. Wanaomjua hawahitaji uso.

Meza ya mama kwenye picha ni tupu. Hakuna sinia, hakuna sufuria, kuna kitambaa cha plastiki tu na kopo moja. Mama huuza mahamri na mbaazi za nazi. Huanza kukanda unga usiku, huchoma mafuta kabla ya adhana ya alfajiri, na saa kumi na mbili asubuhi watu wamepanga foleni: makuli, walimu, watoto wa shule wenye sarafu mkononi, dereva wa tuktuk anayetaka apewe kwanza kwa sababu ameacha injini ikinguruma. Saa mbili, mara nyingi, kila kitu kimeisha. Baada ya hapo mama huketi pale pale mpaka karibu na adhuhuri kwa ajili ya kivuli na mazungumzo. Ni mapumziko ya mtu aliyemaliza kazi yake mapema.

Gari lilipita wakati huo. Picha inaonyesha mwezi na mwaka, haionyeshi saa, lakini kivuli cha mwarobaini kimejikunja chini ya shina, na mtu wa pwani anajua hiyo ni saa gani. Kamera ilimkuta mwanamke aliyeuza akamaliza, ikamweka duniani kama mwanamke asiye na kitu cha kuuza.

Siku moja nilimwonyesha mwenzangu wa kazini. Nilitaka kujivunia. Akaitazama, akasema kwa upole kabisa, "Maskini. Sasa huwa anauza nini?"

Neno hilo nililala nalo. Alisema hivyo kwa sababu alisoma alichoonyeshwa, si kwa ubaya. Ile meza ilinilisha, ikaninunulia sare, ikanilipia nauli ya kuja Nairobi kusoma, na hapo inatazamwa na mtu yeyote mwenye intaneti kama ushahidi wa umaskini wetu. Na aliyemletea huo ushahidi ni mimi.

Nitaambiwa barabara ni ya umma. Mama ameketi mahali ambapo kila mpita njia anamwona, sasa kamera ina kosa gani? Hoja hii huonekana ya maana mpaka uikalie barazani. Kwetu, barabara ni ya wote, lakini haina maana kwamba haina adabu. Anayepita mbele ya baraza hutoa salamu. Asiyetoa huulizwa ni mtoto wa nani, na swali hilo si la kheri. Anayepita huonekana kama anavyoona. Mama akimtazama, naye anatazamwa, na wote wawili wanajua. Ukisimama ukakodoa macho, utaulizwa unatafuta nini. Ukirudi kesho ukakodoa tena, vijana watakufuata. Ndiyo mipaka ya umma, na inalindwa na macho ya watu. Sasa mimi nimesimama mbele ya meza hiyo usiku mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniuliza natafuta nini.

Wala si kweli kwamba mambo haya hayawezi kufanywa kwa namna nyingine. Nchi zilizokataa, zilisikilizwa. Japani, watu walilalamika kwamba kamera iliyo juu ya gari inachungulia ndani ya nyua zao kupita ukuta. Mwaka 2009 Google ilikubali kuishusha kamera kwa sentimita 40 na kupiga picha upya. Ujerumani, kabla huduma yao ya Street View haijafunguliwa katika miji 20 mwaka 2010, watu walipewa nafasi ya kuomba nyumba zao zifichwe, na zaidi ya kaya 244,000 ziliomba. Ukizunguka miji ya Ujerumani katika picha zile ulikuwa ukikuta jengo zima limegeuka wingu la kijivu, kati ya majirani wawili walio wazi. Huduma ilikaa zaidi ya miaka kumi bila picha mpya huko. Ziliporudi mwaka 2023, walioficha nyumba ilibidi waombe upya, lakini njia ya kuomba ilikuwapo na watu waliijua.

Watu wengine waliyaona mawingu yale kama upuuzi wa matajiri wenye hofu. Mimi nayaonea wivu. Si kwamba nataka Majengo igeuke ukungu. Ninaloonea wivu ni kwamba mtu aliulizwa. Kwetu ukuta wa uani ni mabati, mara nyingine ni makuti tu, na nyuma yake watu wanaoga, wanafua, wanasuka nywele. Je, nani alikuja kwa mzee wa mtaa kusema, wiki ijayo gari litapita, anayetaka kuanua nguo zake aanue? Katika barabara yetu sikumpata mtu hata mmoja anayekumbuka tangazo. Wanalikumbuka gari: watoto walilikimbilia wakidhani ni la kampeni.

Tena tuangalie nani aliletwa kwanza kwenye ramani hizi katika pande zetu. Mwaka 2014 ulimwengu uliweza kutembea katika msitu wa Gombe, Tanzania, kutafuta sokwe. Mwaka 2015 ukaletewa ndovu wa Samburu. Picha za Google za barabara za miji ya Kenya zilifuata 2018. Siwachukii ndovu. Na ninajua kazi ile ya Gombe na Samburu ilifanywa pamoja na watu wanaowajua wanyama hao mmoja mmoja, wanaojua saa za kutoka na njia za kupita. Nataka mtaa wangu upewe heshima hiyo hiyo. Mtu anayewajua ndovu kwa majina hawezi kukubali wapigwe picha saa ambayo itawafanya waonekane wagonjwa.

Nitaambiwa tena: lakini picha hizi zina faida. Zinayo, na sitabisha. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kujua kabla ya kuondoka kama mlango wa ofisi una ngazi. Mgeni hupata zahanati bila kuzungushwa. Na kuna kumbukumbu. Tangu 2014 huduma hiyo imeweza kukuonyesha picha za miaka ya nyuma za mahali pale pale. Ukitaka kuiona Barabara ya Uhuru ya Nairobi kabla haijawekewa ile barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022, pengine huko ndiko utakakoiona kwa urahisi zaidi. Pia kuna wale ambao kurudi kwao ni hatari au hakuwezekani: aliyekimbia vita, aliye ughaibuni bila karatasi, mgonjwa asiyeweza kusafiri. Kwao dirisha ni dirisha, na mwenye mlango uliofungwa halaumiwi kwa kuchungulia dirishani. Siwagusi.

Nazungumza na sisi ambao mlango wetu uko wazi. Treni ya Nairobi na Mombasa imekuwapo tangu 2017 na inachukua kama saa tano. Nauli si ndogo, najua, lakini najua pia nilichokuwa nikilipia vifurushi vya intaneti na kahawa. Sikuwa nimezuiwa. Nilikuwa nimeridhika. Ile picha ilinipa kiasi kidogo cha nyumbani, cha kutosha kupunguza hamu, bila gharama ya nyumbani: bila kuulizwa nitaoa lini, bila kuona jinsi goti la mama lilivyovimba, bila kutoa mchango wa msiba wa jirani. Picha haiombi kitu, na mimi nilikuwa naipendea hilo.

Kinyume na tunavyojidanganya, mapenzi hayo hayamfikii mtu yeyote. Siku nilipomwambia mama, kwa simu, kwamba kila usiku huwa nakuja kwenye mtaa, alinyamaza kidogo. Nikamweleza kuhusu gari, kamera, mshale.

"Kwa hivyo unafika mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka kwenye kichochoro, mama. Ndani haingii."

"Kila usiku?"

"Karibu kila usiku."

"Basi unafika mlangoni kwangu kila usiku, mwanangu, na hujabisha hodi hata siku moja."

Hakusema kwa hasira. Kisha akauliza kama kwenye hiyo picha yumo. Nikasema yumo. Akauliza amevaa nini, nikamwambia. Akauliza meza ikoje. Nilitaka kudanganya, nikashindwa.

Nilimwambia kwamba naweza kuomba afichwe, yeye na meza yote, na kwamba ukishaficha haifichuliwi tena. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Unifiche kwani nimeiba? Mwambie huyo mwenye gari arudi saa kumi na mbili asubuhi."

Nimeyasoma mengi kuhusu haki ya faragha. Katiba yetu ya 2010 inaitaja katika kifungu cha 31. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kujulishwa jinsi taarifa zake zinavyotumiwa, na haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa za uongo au za kupotosha. Lakini sijapata kusoma dai lililo wazi kama la mama. Hakuomba asionekane. Hakuomba fidia. Alidai aonekane akiwa kazini. Picha ya meza tupu si ya uongo. Kila kilichomo kilikuwapo. Ni ya kupotosha. Na kitufe nilichokuwa nacho mkononi kingeweza kumfuta tu, si kumrekebisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba machaguo tunayopewa ni mawili, kukaa kama ulivyokutwa au kugeuzwa wingu, na kwamba watu wa Majengo wanahitaji la tatu.

La tatu lipo, na limewahi kufanywa. Mwaka 2009, wakati Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani, vijana wa Kibera wenyewe walizunguka na vifaa vya kupimia mahali, wakaandika vichochoro, mabomba ya maji, vyoo, shule na makanisa kwenye ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa chuo na wakazi wa kata zinazofurika kuchora mitaro na njia za maji, kwa kuwa wakazi ndio wanaojua maji hupita wapi. Hawa walikwenda kwa miguu. Anayekwenda kwa miguu huingia vichochoroni, na hawezi kukwepa kuulizwa anafanya nini, kwa hiyo lazima awe na jibu.

Lakini hata hapa tusiwe wajinga. Mtandao wa Mapillary ulianza Sweden mwaka 2013 kwa watu wa kawaida kuchangia picha za barabara zao. Mwaka 2020 ulinunuliwa na Facebook. Picha zilizochangwa na wengi zikawa ghalani kwa mmoja. Sisemi tusichangie. Nasema nakala ya kwanza ibaki mtaani: kwa mwalimu, msikitini, kanisani, kwenye maktaba ya shule, kwenye albamu ya mtu. Kumbukumbu ya mtaa isiwe na ghala moja, na hasa lisiwe ghala ambalo hatuna ufunguo wake.

Kwa hiyo ninataka mambo manne, na sioni kama ni makubwa. Gari likitaka kupita mtaani, tangazo litangulie, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, lipitie kwa mzee wa mtaa na si kwenye ukurasa wa intaneti peke yake. Kamera ishushwe chini ya ukuta wa uani wetu, maana Japani imeshaonyesha kwamba inashuka. Mwenye duka, genge au meza aweze kudai picha yake ipigwe upya saa ya kazi, si kufutwa tu. Na la nne linatuhusu sisi: kabla hujamwonyesha mgeni picha ya kwenu, mweleze kilichokuwapo kabla kamera haijafika. Kama hujui, rudi ukajue.

Mimi nilirudi. Nilipanda treni ya alasiri, nikaingia Majengo usiku, na kichochoro kilikuwa na harufu ambayo picha haikuwa nayo, ya mfereji na ya nazi. Mlango wa mama ulikuwa umebadilishwa rangi tangu mwaka jana. Sikujua. Usiku wote ule wa kusimama pale nje, sikujua.

Asubuhi nikatoka na simu yangu kabla ya saa kumi na mbili. Nilitaka kupiga upesi upesi watu wakiwa kwenye foleni. Mama akanizuia kwa upawa. "Waulize kwanza." Nikauliza mmoja mmoja. Makuli wawili walikubali na wakajiweka sawa. Mwalimu alikataa, akasema hajachana nywele, nikageuza simu mpaka akaondoka. Dereva wa tuktuk alitaka aonekane na tuktuk nzima. Bibi mmoja aliuliza picha inakwenda wapi. Nikamwambia inakwenda ukutani kwa mama, akasema hapo sawa. Ilichukua karibu saa nzima kupata picha ambayo gari lingeipata kwa nukta moja, na katika saa hiyo nilijua nani amezaa, nani amehama, nani ameugua, na kwamba kinyozi wa vichwa vitatu alifariki mwezi wa Ramadhani.

Katika picha niliyopiga, sinia limejaa, mvuke wa mbaazi umeficha nusu ya uso wa mama, na anacheka na mtu ambaye amekatwa na ukingo. Nimeichapisha studio ya jirani, nakala mbili. Haimo kwenye ramani yoyote.

Saa mbili kasorobo mahamri yaliisha. Mama akaketi, akaweka mkono shavuni, vile vile kama kwenye ile picha ya gari. Nikainua simu. Akaniambia niiweke chini, nikaoshe sinia.